Kaftani ya Magoli

Wifi yangu Batuli ana wivu, na sisemi hivi kwa kumsengenya. Muulize mwenyewe, atakubali, kisha atataka kujua nani aliyekutuma. Alipoolewa na kaka yangu Lahbib alimwonea wivu mama yetu kwa sababu Lahbib alipenda mkate wa mama. Mama akafariki, Batuli akauonea wivu mkate wenyewe, akaufuta nyumbani. Nami nilipofiwa na mume nikarudi kwetu hapa Sefrou, alinipokea kwa machozi ya kweli, akanikumbatia, akanipeleka jikoni akanionyesha kabati moja la chini. "Hili lako, wifi," akasema. "Hayo mengine usiyaguse."

Kazi yake ni vifungo. Mji wetu nusu ya wanawake wanaishi kwa kazi hiyo: unazungusha uzi wa hariri kwa sindano, fundo juu ya fundo, mpaka unapata kifungo cha mviringo kama kokwa ya cheri, cha kushonea jalaba na kaftani. Batuli alifundishwa na mama yake kabla hajajua kuandika jina lake, na mafundi wa Fes wanavijua vifungo vyake bila kuuliza. Anatengeneza akipika, akipiga soga, akiwa msibani. Lahbib ni fundi cherehani, yeye anakata na kushona nguo, mkewe anaweka vifungo. Mimi pia natengeneza vifungo. Vyangu, Batuli husema, vinatosha kwa nguo za watoto.

Watoto wenyewe hawakuwapata. Watu walisema waliyosema, Batuli akaendelea na vifungo vyake. Akialikwa akika alipeleka zawadi, akala, akacheka na wenzake, kisha akarudi nyumbani akajifungia chumbani na sindano mpaka magharibi. Na mtu akitamka mbele yake kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, aliinuka akaondoka hata kama chai yake bado ya moto.

Sasa, klabu yetu ya Amali ilipoanzisha timu ya wanawake, wachezaji wengine walitoka mbali, na viongozi wakawa wanazunguka kutafuta nyumba za kuwaweka wasichana. Lahbib alikubali akiwa mkahawani, mbele ya wanaume wenzake, bila kumuuliza mtu.

"Msichana wa mpira?" Batuli aliuliza. "Nyumbani kwangu?"

"Ni mtoto mdogo tu, mke wangu. Wa milimani, Bulmani huko. Hataonekana hata."

Alionekana. Alisimama mlangoni, mrefu kuliko Lahbib, begi mkononi na viatu vya mpira vyenye tope vimening'inia shingoni kwa kamba zake. Jina lake Ghizlani.

"Kwanza vua viatu," Batuli alimwambia.

"Nimeshavua, mama. Hivi ni vya shingoni."

Mimi nilicheka. Batuli hakucheka, lakini nilimwona amegeuka upande kuuficha mdomo.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Batuli alimpa sindano. Mtoto akajichoma kidole, akajichoma cha pili, uzi ukawa kama kiota cha ndege. Batuli akamnyang'anya. "Mikono hii haifai kitu," akasema. "Haya, twende tukaone hiyo miguu inafaa nini."

Hivyo ndivyo wifi yangu alivyoingia uwanjani mara ya kwanza katika maisha yake, kapu la nyuzi mkononi. Jukwaani palikuwa na mlinzi na wanaume watatu waliokuja kucheka. Batuli akakaa, akatoa sindano, kwa sababu hajui kukaa mikono mitupu. Kipindi cha kwanza hakijaisha, beki mmoja wa wageni akampiga Ghizlani kiatu cha goti. Batuli akasimama.

"Wewe namba nne! Ndiyo, wewe! Mama yako anajua kwamba unapiga watoto wa watu?"

Namba nne akageuka, akaona mwanamke wa makamo na sindano, akaomba radhi. Wale wanaume watatu waliacha kucheka. Batuli alirudi nyumbani hana sauti, na kapu limejaa vifungo.

Mechi iliyofuata alinichukua mimi. Kisha akaja Naziha jirani, kisha ushirika mzima wa vifungo, maana kazi yetu haidai meza wala umeme. Tukakaa safu kwa safu, sindano zinakwenda, macho uwanjani, na goli likiingia tunatia vigelegele mpaka mwamuzi anaziba masikio. Watu wa mjini wakatuita jukwaa la vifungo. Timu ya wanaume wakati huo ilikuwa imeshuka daraja mpaka karibu ianze kucheza na wachungaji wa mbuzi, na wale waliokuwa mashabiki wake wakaanza kuja kwetu, kwanza kwa kujificha, baadaye wakituomba tusogee. Lahbib alikuwa mmojawapo. Alidai anakuja kunichukua mimi.

Ungedhani Batuli angefurahi. Thubutu! Kadiri jukwaa lilivyojaa ndivyo roho ilivyomuuma.

"Zamani alikuwa wetu," aliniambia. "Sasa hata muuza karanga anajua jina lake. Na huyo Naziha anamwita 'binti yangu.' Binti yangu! Ana mabinti wanne nyumbani, hawamtoshi?"

"Wifi, ni kushangilia tu."

"Ashangilie kipa. Kipa hana mtu."

Mimi nilimsikiliza, na nitasema kweli, nami niliona gere. Tangu huyo mtoto aingie nyumbani, chai ya kwanza haikumiminwa kwangu tena. Nyama ya juu ya kuskusi siku ya Ijumaa ilikuwa yake. Jezi yake Batuli aliitia sabuni tu, aliyeisugua mpaka ikatoka tope ni mimi, na aliyesifiwa ni Batuli. Ghizlani aliniita shangazi, akanibusu kichwani kila asubuhi, na mimi nilijua kwamba busu hilo ni la heshima na lile la Batuli ni la mapenzi.

Habari ya kaftani ilianza na goli la kwanza la Ghizlani. Batuli alirudi siku hiyo, akamwambia Lahbib amkatie mtoto kaftani nyeupe, yenye vitanzi vya vifungo kuanzia upindoni mpaka shingoni. Akatoa hariri nyekundu, akatengeneza kifungo kimoja, akakishona chini kabisa. Kila goli, kifungo kimoja, kupanda juu. Siku vifungo vitakapofika shingoni, mtoto ataivaa kaftani yake.

Kaftani kama hiyo, kwetu, mama humtengenezea binti yake. Kila mtu alielewa.

Na Batuli aliiwekea sheria. Wakati mmoja alikuwa na homa, timu ikaenda kucheza Taza bila yeye, Ghizlani akafunga mawili. Naziha akaja na vifungo viwili vyekundu, vizuri, amevifunga kwenye leso. "Mimi niliyaona, shoga yangu," akasema. Batuli akamrudishia leso yake. "Magoli niliyoyaona mimi ndiyo yanayohesabiwa kwenye kaftani hii. Asiyeliona goli hashiki sindano." Ghizlani alikuwepo, akacheka, na jioni nikamsikia anamsimulia mama yake kwenye simu kama kichekesho.

Simu hiyo ilikuwa mwiba mwingine. Mama yake mzazi, Itto, alikuwa akipiga kila siku baada ya alasiri, na mtoto alikuwa akikaa nayo kwenye ngazi akicheka kwa Kiamazighi, lugha ambayo mimi naisikia kidogo na Batuli haijui kabisa. Ikilia hiyo simu, Batuli alikumbuka ghafla kusaga viungo. Kinu kilipigwa siku hizo nyumbani kwetu kuliko wakati wowote.

Msimu ukaelekea mwisho, cheri zikaiva. Ikabaki mechi moja, nyumbani kwetu, na sare ilitutosha kupanda daraja la juu. Kwenye kaftani kikabaki kitanzi kimoja, cha shingoni. Ghizlani akaja jikoni uso unamwaka.

"Mama Batuli, mama anakuja! Baba amemruhusu. Hajawahi kuniona nikicheza, hata mara moja. Utamwekea nafasi karibu yako?"

"Nitamwekea," Batuli akasema, huku anakata kitunguu kilichokwisha kukatwa.

Alipotoka mtoto, wifi yangu akaweka kisu chini. "Mwaka mzima, Mahjuba. Mvua, baridi, basi la Fes, namba nne. Yeye atakuja siku ya tarumbeta, akae. Na mpira ukiisha, nitaona mtoto atamkimbilia nani."

"Ni mama yake."

"Nimekuuliza?"

Siku ya mechi asubuhi Itto alipiga simu ya nyumba, na aliyeipokea ni Batuli. Nilikuwa karibu, naosha maharage. Nilimsikia akisema kwa sauti tamu ambayo mimi sijawahi kupewa, "Saa kumi, dada yangu Itto. Saa kumi. Karibu sana."

Nikangoja aendelee. Hakuendelea, akaweka simu.

Kila mtu kwetu anajua kwamba serikali ilisogeza saa mbele na watu wa milimani waliikataa. Wanasema ng'ombe hawasomi gazeti. Huko saa ni ya zamani, mjini ni saa mpya, na ukimwambia mtu wa Bulmani wakati wowote bila kumtajia saa gani, atafika saa nzima baadaye. Hata watoto wanajua kuuliza.

"Wifi," nikasema, "hukumwambia saa ipi."

"Mtu mzima yule. Atajua."

Uwanja ulijaa hata watu wakakaa juu ya ukuta. Batuli alimwekea Itto nafasi kama alivyoahidi, akaweka kapu lake juu yake. Filimbi ikalia, sindano zikaanza, na tangu mpira wa kwanza Ghizlani hakuwa Ghizlani. Mpira ukitoka nje anatazama jukwaani. Kona, anatazama jukwaani. Anaona kapu. Akapewa pasi mbele ya lango tupu, akaupiga ukaenda kwa muuza karanga. Kabla ya mapumziko wageni wakafunga.

"Mtoto anaumwa?" Naziha akauliza.

"Anamtafuta mama yake," nikajibu, nikimtazama wifi yangu.

Sindano ya Batuli ilikuwa imesimama. Sikuwahi kuiona imesimama.

"Sikumwibia mechi nzima," akaninong'oneza. "Nusu tu, Mahjuba. Kipindi cha pili angefika. Nilitaka nusu moja iwe yangu peke yangu, ya mwisho. Nusu tu!"

"Basi tazama nusu yako."

Akatazama. Ghizlani alikuwa anatoka uwanjani kichwa chini, na alipofika mbele yetu aliinua macho kwenye lile kapu, akayashusha. Batuli akalichukua kapu, akalitupa mapajani mwangu, na sindano yenye uzi mwekundu juu yake. "Shika. Usitengeneze kitu." Akakunja jalaba yake akashuka ngazi kwenda kituo cha teksi za mlimani, amlete mgeni kwa mkono wake.

Yaliyotokea kituoni nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa namna yake, na nasema yale tu wasiyobishania. Batuli alifika akihema, akaanza kuchungulia teksi zinazoingia. Kwenye benchi la kivulini alikaa mwanamke wa mlimani, kilemba cha rangi nyingi, kikapu miguuni kimefunikwa kitambaa. Mikono yake ilikuwa ni ya Ghizlani, mirefu vile vile.

"Wewe ndiye Itto?"

"Na wewe ndiye Batuli. Nimekujua kwa vidole."

"Umefika sasa hivi?"

"Nimefika tangu adhuhuri. Dereva aliniambia Sefrou ni saa mpya."

Batuli hakuelewa. "Sasa mbona umekaa hapa? Mtoto anakutafuta! Tumefungwa moja!"

"Nilikwenda," Itto akasema. "Nilifika mpaka mlango wa uwanja. Nikasikia vigelegele vyenu mkimpokea uwanjani. Nikasema, nikiingia mle, mpira ukiisha atakukimbilia wewe, na mimi nitasimama na mayai yangu kama mgeni. Kila siku kwenye simu ni mama Batuli amepika, mama Batuli amesema, mama Batuli ana kaftani. Mimi nimemzaa, dada. Sina hata kifungo."

Hapo, Itto anasema, Batuli alilia. Batuli anasema lilikuwa vumbi. Hilo wanalibishania lakini nimeliweka.

"Inuka," Batuli akamwambia. "Inuka, mwanamke mwenye wivu wewe! Hujui hata kuona haya?" Akakishika kikapu upande mmoja, Itto upande mwingine, wakaanza kukimbia.

Mimi huku kipindi cha pili kilikuwa kinanichoma. Ghizlani aliporudi aliangalia jukwaani akaona sasa hata Batuli hayupo. Alimwona mtu mmoja tu na kapu mapajani, na mtu huyo ni mimi, uso ukamshuka zaidi. Akapoteza mpira. Akaangalia tena. Akapoteza mwingine. Na mimi nikaukumbuka mwaka mzima wa sabuni na nyama ya pembeni. Nikasimama juu ya benchi.

"Wee Ghizlani! Unatafuta nani? Mimi hapa ni gunia la mkaa? Nani amesugua hiyo jezi? Mimi! Nani alikukanda mguu kwa mafuta ya zeituni? Mimi! Nimekuja kukutazama wewe, sikuja kutazama shingo yako inavyogeuka! Cheza!"

Jukwaa zima likacheka. Mwamuzi akacheka. Na Ghizlani, katikati ya uwanja, mikono kiunoni, akacheka pia, kwa ile sauti yake ya kwenye ngazi. Kisha akanipungia mkono. Mimi. Akageuka, na tangu hapo hakutazama jukwaani tena.

Goli lilikuja mwishoni, wakati watu wa ukutani walikuwa wameanza kushuka. Kona ya kulia, mpira ukaja juu, kipa wao akatoka akachelewa, Ghizlani akaruka kati ya mabeki wawili, akaupiga kichwa chini, ukagonga ardhi kisha nyavu. Nililiona lote. Nikatia kigelegele mpaka nikaona nyota.

Nje, nyuma ya ukuta, wanawake wawili na kikapu walisimama ghafla.

"Letu au lao?" Itto akauliza.

"Letu," Batuli akasema. "Hicho kigelegele ni cha wifi yangu. Hakuna mwingine mwenye sauti mbaya hivyo."

Filimbi ya mwisho ikalia, tumepanda daraja, watu wakaruka uzio. Ghizlani alikuja moja kwa moja kwenye jukwaa la vifungo, jasho na nyasi, akaniinua mimi na kapu la Batuli. "Shangazi! Umeliona?"

"Nimeliona, mwanangu."

Ndipo nilipowaona mlangoni, wamesimama bega kwa bega, vumbi mpaka magotini, kila mmoja ameshika upande wake wa kikapu. Walikuwa wanatazama alipo mtoto. Alikuwa shingoni mwangu. Nasema wazi, sikuharakisha kumwachia.

Alipowaona alipiga ukelele akawakimbilia, na kwa kuwa ana akili alikimbia katikati yao, akawakumbatia wote kwa pamoja mpaka vichwa vikagongana. Kisha akauliza, uso umejaa furaha, "Mmeliona goli?"

Mama mzazi akamtazama mama mlezi. Mama mlezi akatazama mayai.

Jioni ile, nyumbani, kaftani ilitandazwa kwenye kochi la sebuleni, nyeupe, na mstari mwekundu ukipanda mpaka kwenye kitanzi kitupu cha shingoni. Batuli akanyoosha mkono kuchukua sindano.

"Hukuliona," Itto akasema, taratibu. "Asiyeliona goli hashiki sindano. Mtoto alinisimulia."

"Wewe uliliona?"

"Sikuliona. Wala sindano yenu siijui."

Lahbib akakohoa. Ghizlani akaanza kucheka, akaziba mdomo. Na wote wanne, mmoja baada ya mwingine, wakanigeukia mimi.

Sikuwa na haraka. Niliomba chai kwanza, ikamiminwa kwangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Nikavuta taa karibu, nikachukua hariri nyekundu, nikafunga fundo juu ya fundo, na mabingwa wawili wa wivu wamekaa kulia na kushoto kwangu wanafuata kila mzunguko wa uzi. Nikakishona shingoni, mahali ambapo mtu yeyote akimtazama Ghizlani usoni atakiona.

Ameshaivaa mara nyingi tangu siku hiyo. Itto akija, naye sasa anakuja karibu kila mechi, kwa saa mpya, huketi karibu na Batuli, na wanagombana kuhusu nani ammenyee mtoto machungwa. Lakini juu ya jambo moja wameungana. Kila Ghizlani akitoka na ile kaftani, Batuli humsimamisha mlangoni, akamnyooshea kola, akakigusa kile kifungo cha juu kwa ncha ya kidole, na Itto akainama kukitazama.

"Kimekaa upande, wifi," Batuli husema.

"Kimekaa upande," Itto huitikia.

Hakijakaa upande.